Fulana za Aliyeshindwa

Saa tatu ya usiku wao
ni saa kumi ya alfajiri yetu.
Mbonea ameiegemeza simu kwenye jiwe la mizani,
bando amelinunua kwa pesa ya supu,
na wagombea wawili, tai nyekundu na tai ya samawati,
wanakatizana kauli ndani ya kioo chenye ufa.
Ufa umepita katikati yao, ukawa mwamuzi.

Karume, mlango wa nyuma. Belo halijafunguliwa.
Mwenye mali ni mtu wa sala, hakati kamba kabla ya adhana,
basi tuna saa nzima ya kuitawala Marekani.
Kura hatuna. Koo tunazo.

Mbonea anasomea uchumi jioni, kila ada inaporuhusu,
ndiye anayetutafsiria:
"Huyu anasema soko liachwe. Na mimi nasema liachwe.
Soko lina macho, lina miguu.
Serikali ikiingia inakanyaga nyanya."

"Zangu ilizikanyaga Jumanne moja," anasema Nyamizi,
aliyeuza nyanya kabla ya nguo,
"na Alhamisi ikaja kudai ushuru wa meza iliyoivunja."
Tunacheka. Mbonea anadhani amepata kura.
"Lakini siku niliyojifungua pale Amana,
aliyenishika mkono alikuwa nesi wa serikali.
Soko sikuliona.
Labda lilikuwa nje, linauza glavu."

Mimi ni fundi, sina itikadi.
Kazi yangu ni kupunguza Wamarekani:
mabega yao, viuno vyao, mikono inayofika magotini,
nawapunguza hadi wamtoshe mtu wa Buguruni.
Nimezijua shingo zao kwa jasho lililokauka kwenye kola.
Anayesema pale hakuna maskini
hajawahi kukuta kiraka kilichoshonwa kwa mkono
ndani ya koti la kule.

Tai nyekundu amepandisha sauti.
"Anasema nini?"
"Anasema kila kinachoingia nchini kwao kitozwe,
viwanda vyao vipumue."
Sudi akasimama juu ya ndoo.
"Huyo! Huyo ndiye mwanamume!
Na sisi tufunge mlango!
Mama yangu alisimama miaka kumi na tisa
mbele ya mashine, kiwanda cha nguo, Ubungo,
pamba ikimkaa kifuani,
mpaka siku walipowaambia msije kesho."

Hakuna aliyecheka.
Sote tukalitazama belo.
Belo, limefungwa mikanda yake minne, likatutazama.

"Mlango ukifungwa, Sudi," Mbonea akasema, taratibu,
"wewe utakula nini?"

"Ningekula kwa mama."

Adhana.
Mwenye mali akakata kamba, belo likafura, likapumua
ile harufu ya dawa na makabati ya watu.
Tukainama na tochi mdomoni, kila mtu na bahati yake.
Juu kabisa, fulana, mpya, hazijawahi kuvaliwa,
zimekunjwa na mashine: sabini na kitu,
sura ileile ikitabasamu, nyota begani.
Mgombea wa mwaka gani, hata Mbonea hakumjua.
"Angeshinda," alisema, "zingevaliwa kulekule."
"Alikuwa wa soko au wa serikali?"
"Haijaandikwa. Imeandikwa tu: Zamu Yako."
"Buku mbili," akasema mwenye mali. "Yeyote alivyokuwa."

Simuni bado walikuwa wanabishana.
Mtu mmoja asiyeonekana aliwauliza bei ya mayai
nao wakajikunja, watu wazima wale,
mmoja akanywa maji.

Nyamizi aliliangalia lile glasi.
Kisha, kama anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua:
"Na wa kwetu?
Watakaa lini hivi, tuwaulize ya mayai?"

Mbonea akaizima simu.
Bando lilikuwa bado lipo.

Mpagazi mmoja alichagua fulana, akanirushia,
alikuwa na haraka, mzigo unamngoja Shauri Moyo.
Nikamgeuza yule mtu ndani nje, tabasamu likaingia tumboni.
Nikatafuta mshono.
Nikapunguza mabega.